Saa tatu kwenye theluji ya Fifth Avenue

Wadau, leo tuongee historia ya picha. Siku hizi theluji ikianguka New York, picha zake zinazagaa kwenye simu zetu kabla theluji yenyewe haijakanyagwa. Lakini kuna wakati picha ya namna hiyo ilikuwa shughuli nzito, na aliyethubutu kuipiga aliambiwa aitupe.

Shida ya kwanza ilikuwa vifaa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mpiga picha alibeba kamera nzito ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Kamera hiyo ilitaka mwanga wa kutosha na kitu kilichotulia, na tufani ya theluji haina hata kimoja. Ndiyo maana picha nyingi za tufani kubwa iliyoipiga New York Machi 1888 zinaonyesha mji baada ya kipigo: marundo ya theluji mitaani na nyaya zilizolemewa.

Sasa aje Alfred Stieglitz. Alizaliwa mwaka 1864 Hoboken, ng'ambo ya mto tu kutoka New York, akasoma Ujerumani, akarudi mwaka 1890. Februari 22, 1893 alishika kamera ndogo ya mkononi, ambayo wapiga picha wengi wa hadhi waliidharau, akaenda kusimama Fifth Avenue. Theluji ikampiga saa tatu nzima. Alikuwa anasubiri. Hatimaye likatokea gari la abiria la kukokotwa na farasi, likipasua theluji kumjia. Akapiga.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, wenzake walipoiona negativu walimshauri aitupe, maana ilikuwa na ukungu. Hakuitupa. Alikata pembeni sehemu kubwa, akabakiza kipande alichokitaka: gari, farasi, mwendeshaji na mikondo ya magurudumu kwenye theluji. Ule ukungu waliouona kasoro ndiyo hali halisi ya siku ile.

Mwaka huohuo wa 1893 alipiga nyingine, The Terminal. Humo kuna tramu ya farasi mwisho wa safari, theluji iko chini, farasi wanafuka mvuke, na mwendeshaji yuko nao.

Mimi kinachonigusa ni nani yumo katikati ya picha hizi. Fifth Avenue wakati huo ulikuwa mtaa wa matajiri wakubwa wa Marekani. Majina yao yamejaa vitabuni na majumba yao yalipigwa picha kwenye jua zuri. Lakini Stieglitz alipovumilia baridi saa tatu, aliyepita mbele yake ni mfanyakazi asiyejulikana jina, ambaye baridi ile kwake ilikuwa kazi ya kila siku. Tramu za farasi za New York zilikoma mwaka 1917, na watu wa kazi ile wakapotea nazo. Yule mwendeshaji bado yupo, Metropolitan Museum of Art ina nakala yake.

Sisi wa magazeti tunazo picha za wakubwa za kujaza makabati: utepe unakatwa, mikono inapeanwa, jua linawaka. Hizo zitatunzwa tu. Hali ya hewa ikichafuka tunarudi ofisini, na hapo ndipo wenye mji wanapokuwa barabarani wakitafuta riziki. Miaka mia ijayo mtu atakayetaka kujua walifananaje, atawatafuta kwenye picha gani?