Kupeleka maji zizini na jiko la nje kutoka kisima chako

Kama una kisima au chemchemi yako upande wa Mlima Meru, kabla hujachimba mtaro wa bomba kwenda zizini au jiko la nje, pima floraidi kwanza. Madini haya hutoka kwenye miamba ya volkano, na sehemu nyingi za Arumeru yanapita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo yanayowaachia watoto meno ya kahawia. Yakizidi sana kwa miaka, huharibu mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua sufuriani, floraidi inabaki. Mkaa wa mifupa, ambao kituo cha Ngurdoto kimeufanyia utafiti, huipunguza.

Kipimo kikiwa juu, tunashauri mabomba mawili yasiyokutana. Maji ya kisima yaende chooni, kufulia na bustanini. Zizini pia, ila ng'ombe nao huharibika meno, kwa hiyo muulize bwana mifugo. Jiko la nje lipate tenki la mvua: bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni karibu lita 1,000. Mwaga yale ya kwanza yenye vumbi.

Tenki lililoinuliwa mita 3 lina msukumo mdogo, hivyo zizi likiwa mbali tumia bomba la inchi moja, si nusu. Lifukie jembe lisilifikie. Mdomo wake usizame kwenye birika la mifugo, maana maji machafu yanaweza kunyonywa yakarudi hadi nyumbani.