Ziwa Haubi na deni la msafiri

Mpenzi msikilizaji, huko Ulaya watu wenye nafasi wakitaka kupumzisha macho huenda kaskazini mwa Italia, kwenye maziwa ya Como, Garda na Maggiore. Mabonde ya maziwa hayo yalichongwa na barafu zama za kale, na Ziwa Como lina kina cha zaidi ya mita 400. Msafiri anayekaa ukingoni mwake haulizwi chochote ila nauli na malazi.

Leo nakuomba tusafiri karibu zaidi. Kutoka Dodoma hadi Kondoa ni kama kilomita 160, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, si safari ya kumchosha mtu. Ukivuka mji wa Kondoa kuelekea kaskazini, kisha ukaiacha barabara kuu na kushika njia ya mashariki, unapanda milima ya Irangi. Huko juu, katikati ya vilima na mashamba ya Warangi, ndiko liliko Ziwa Haubi.

Nilifika huko baada ya mvua za masika. Maji yalikuwa yametanda bondeni, majani yamesimama hadi ukingoni, na upepo wa milimani ulinifanya nitafute koti. Ni mahali pazuri mno. Lakini ziwa hili halina kina kirefu. Mwaka wa mvua nyingi hupanuka, mwaka wa ukame hurudi nyuma likaacha tope. Na tope hilo, ndugu msikilizaji, ndilo lenye habari.

Katika miaka ya 1990 watafiti walitoboa sakafu ya ziwa, wakatoa udongo tabaka kwa tabaka, wakausoma kama mtu asomavyo daftari la madeni. Udongo ule ulikuwa umetoka juu, kwenye mashamba na malisho. Mvua iliuchukua ikauteremsha bondeni. Kwa hiyo sehemu ya rutuba waliyoikosa wakulima wa vilimani imelala chini ya maji yale ambayo msafiri anayapiga picha.

Uharibifu huo haukuanza jana. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Kondoa ikihitaji chakula. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipigana hapo hapo Kondoa, na vita vya wageni huwa na njaa ya kula ghala la mwenyeji. Watu na mifugo waliongezeka juu ya vilima vile vile, makorongo yakazidi kupanuka. Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi kuchimba matuta na kupunguza mifugo. Kazi ya shuruti haina mapenzi, na Uhuru ulipokuja wengi waliitupa pamoja na ukoloni wenyewe.

Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana zaidi kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Matrekta yalichimba makingamaji, miti ikapandwa, lakini ng'ombe na mbuzi waliendelea kuula ule uponyaji. Ndipo mwaka 1979 ikatolewa amri nzito: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba 1,256. Makumi ya maelfu ya wanyama wakashushwa kutoka milimani. Wengine walipelekwa kwa ndugu na marafiki nchi ya chini, wengine wakauzwa.

Wataalamu waliotembelea vilima hivyo miaka iliyofuata walistaajabu. Majani yalirudi, vichaka vikaota, makorongo mengi yakaanza kupona. Kondoa ikawa mfano wa kutajwa mikutanoni.

Lakini tujiulize gharama ile aliilipa nani. Kwa Mrangi, ng'ombe ni maziwa ya mtoto, ni samadi ya shamba, ni mahari ya kijana, ni akiba ya siku ya njaa. Familia iliamka asubuhi zizi likiwa tupu, ili kilima kivae nguo. Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wa kulishwa zizini uliruhusiwa baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, na haukumfaa kila mtu, kwani ng'ombe wa aina hiyo anataka fedha na mikono ya kukata majani kila siku.

Sisemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Bila hiyo, huenda vilima vingebaki mifupa. Ninachosema ni kwamba uzuri wa Como ni zawadi ya barafu, bali uzuri wa milima ya Haubi una majina ya watu. Tunazungumza siku hizi juu ya kukuza utalii wa ndani, na michoro ya miambani ya Kolo imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2006. Vizuri. Basi mgeni akiletwa Haubi, asionyeshwe maji peke yake. Aelezwe habari ya mazizi, na fedha atakayoiacha ipite kwanza kwenye nyumba zilizofunga mazizi hayo. Mgharamia hakumbukwi mpaka atajwe.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.