72, 300 na Uso wa Mwariama

Wasee, kuna uongo mmoja unazunguka sana kwa sisi tunaochora kwa kompyuta: ati picha ikiwa na ukungu, badilisha 72 iwe 300 na umemaliza kazi. Mimi niliuamini. Ukanila pesa ya bango zima.

Mzee mmoja jirani yetu hapa Kinoru aliniomba nimtengenezee bango la Field Marshal Musa Mwariama, la futi tatu kwa nne, la kuweka sebuleni. Mwariama ni wetu, wa Meru, yule kiongozi wa Mau Mau aliyetoka msituni uhuru ulipokuja, bila kukamatwa hata siku moja. Picha yake inayojulikana zaidi ni ya 1963, yuko na Jomo Kenyatta, nywele za msituni bado ziko kichwani. Nikaitoa kwa intaneti, nikakata upande wake, nikabaki na pikseli 600 kwa 800. Nikaandika 300 pale kwa rizolusheni, nikapaka rangi, nikatuma. Kwa simu ilikuwa moto. Kwa bango ikawa vigae vya bafu.

Hesabu ni ya darasa la tano. Futi tatu ni inchi 36. Gawanya pikseli 600 kwa 36, unapata kama 17 kwa inchi. Hiyo 300 haiongezi chochote. Ni agizo tu kwa printa: finya pikseli 300 ndani ya kila inchi. Printa ikitii, Mwariama wangu anatoka na upana wa inchi mbili, mkubwa kidogo kuliko picha ya pasipoti. Ukitaka A3 kwa 300 unahitaji pikseli 3508 kwa 4961, na uziweke mwanzo, kabla hujachora mstari wa kwanza. Bango la uwanja wa Kinoru linasamehewa kwa sababu wewe uko mbali kule jukwaani. La sebuleni halisamehewi, bana.

Sasa hizi namba zilitoka wapi? 72 ilikuja na Macintosh ya 1984. Wachapaji walikuwa wanapima herufi kwa pointi, na pointi 72 ni inchi moja, kwa hivyo skrini ile ikapewa nukta 72 kwa inchi ndio herufi ya skrini ilingane na ya karatasi. Ni hayo tu. Simu yako imepita hapo kitambo. 300 ni ya watu wa majarida: wao huchapa picha kwa nukta za wino, mistari kama 150 kwa inchi, wakazoea kuweka pikseli mbili kwa kila mstari. Gazeti hutumia mistari michache zaidi, ndiyo maana ukilisogeza karibu na jicho unaona nukta.

Kuna tarehe nyingine hainiachi. Februari 18, 1957, Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti. Mwaka huo huo, Marekani, Russell Kirsch na wenzake waliingiza picha kwa kompyuta kwa skana yao ya kwanza: mtoto wake mchanga, pikseli 176 kwa 176. Zote pamoja ni 30,976. Huko walikuwa wanahifadhi uso wa mtoto. Huku, picha ya Kimathi ambayo kila mtu anaijua ni ile amelala na pingu mikononi. Na nyingi tunazotumiana leo ni picha ya simu iliyopigwa kwa ukurasa wa gazeti, halafu WhatsApp ikaifinya tena.

Nilijaribu pia programu ya AI ya kukuza picha. Ikatoka safi, manze, hadi vinyweleo vya ndevu. Nikampelekea mzee. Yeye alimwona Mwariama akiwa hai. Akaitazama sana, akaniuliza, "Kijana wangu, huyu ni nani?" Programu haikuwa imempata Mwariama popote. Ilikuwa imekisia kwa nyuso za watu wengine, ikamnyoosha pua na kumpunguzia miaka.

Mwishowe nilirudi kwa zile pikseli 600 kwa 800, sikuongeza hata moja. Nikaziprinti kwa 100, inchi sita kwa nane, na nukta zake zote. Mzee ameitundika juu ya redio, na ukikaa kwa kile kiti chake unamwona vizuri.