Mshale Hauui kwa Kishindo: Historia Fupi ya Kigumba na Makali Yake

Hebu tuanze na hesabu ndogo ya fizikia ya sekondari. Mshale wa kuwindia wenye uzito wa gramu 32, ukitoka kwenye upinde wa mbao kwa mwendo wa mita 50 kwa sekunde, unabeba nishati ya jouli 40 hivi. Hiyo ni kama mfuko wa sukari wa kilo 2 ukianguka kutoka urefu wa mita 2. Risasi ya bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa inabeba zaidi ya jouli 3000. Sasa swali: mfuko wa sukari unawezaje kumwangusha kulungu wa kilo 70?

Jibu lipo kwenye kigumba, yaani kile kichwa cha mshale. Na namna watu walivyolifikia jibu hilo kisayansi ni kisa chenye uchungu ndani yake.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Kulungu tunayemzungumzia hapa si mbawala wa vichaka vya kwetu. Ni yule wa Amerika Kaskazini, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuotesha nyingine. Wapo wa mkia mweupe, na upande wa Pasifiki wapo wa mkia mweusi.

Mshale una njia kuu mbili za kumuua mnyama mkubwa. Ya kwanza tunaijua vizuri Afrika Mashariki: sumu. Wahadza wa Ziwa Eyasi, Wakamba na Waata wamewinda kwa mishale iliyopakwa sumu ya mimea, ikiwemo miti ya jamii ya Acokanthera. Ndani ya miti hiyo mna wabaini, kemikali inayozuia pampu ya sodiamu kwenye seli na kuuvuruga moyo. Kwa mshale wa namna hiyo, kigumba kinafanya kazi ya sindano: kikishafikisha dawa kwenye damu, sumu inamalizia.

Njia ya pili haina sumu. Kigumba chenyewe ndicho kinachotakiwa kukata mishipa na mapafu ili mnyama apoteze damu haraka. Hapo makali si pambo tena. Kigumba butu kinausukuma mshipa pembeni, kwa sababu mshipa ni laini na unateleza. Hata kikiupata, kinauponda, na mshipa uliopondwa huziba na kugandisha damu mapema kuliko uliokatwa safi. Mnyama anakimbia na jeraha, anakwenda kuteseka mbali.

Mtu aliyeliandika hili kwa jicho la kitabibu alikuwa daktari wa upasuaji, Saxton Pope, wa San Francisco. Lakini Pope alikuwa na mwalimu.

Mwezi Agosti 1911, karibu na machinjio ya mji wa Oroville, California, alionekana mtu mmoja amekonda, yuko peke yake. Alikuwa Myahi, wa mwisho kujulikana katika watu wake. Wengine walikuwa wameuawa na walowezi katika mauaji ya karne ya 19, au wamekufa mafichoni. Kwa desturi yao mtu hajitaji jina mwenyewe, basi wanaanthropolojia wakamwita Ishi, neno lenye maana ya "mtu" kwa lugha yake. Wakampa makazi kwenye jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California. Pope alifundisha shule ya udaktari iliyokuwa jirani. Akawa daktari wake, kisha rafiki yake, kisha mwanafunzi wake wa upinde.

Ishi alichonga vigumba kwa obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, na kwa vipande vya chupa. Alibandua vigae vidogo vidogo kwa kubonyeza ukingo na ncha ya pembe ya kulungu, au kipande cha chuma. Pope hakuishia kustaajabu. Alitengeneza sanduku, pande zake akaziba kwa ngozi ya kulungu, ndani akajaza maini ya ng'ombe, halafu akapiga mishale ya chuma na ya obsidiani. Kumbe ya obsidiani ndiyo iliyopenya zaidi!

Kwa nini? Obsidiani haina chembechembe za fuwele kama chuma. Inapovunjika, inaacha ukingo mwembamba mno, mkali kuliko wembe wa chuma. Hasara yake inajulikana: ikigonga mfupa, inavunjika. Chuma kinavumilia, ila lazima mtu akinoe. Pope mwenyewe, aliyependa zaidi pinde ndefu za Kiingereza, akachagua vigumba vipana vya chuma.

Ishi alikufa kwa kifua kikuu tarehe 25 Machi 1916. Pope aliendelea kuwinda na rafiki yake Art Young, akachapisha kitabu *Hunting with the Bow and Arrow* mwaka 1923. Mwaka 1925 wawili hao walifika hadi Tanganyika kuwinda simba kwa mishale. Waliongozana na mwandishi Stewart Edward White, ambaye alikaa na bunduki yake tayari. Hata wao walijua kwamba simba aliyechomwa mshale bado ana dakika zake za hatari.

Huko Marekani swali likahamia kwenye sheria: je, upinde unaua, au unajeruhi tu? Mwaka 1934 jimbo la Wisconsin lilifungua msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa upinde katika wilaya mbili, Columbia na Sauk. Majimbo mengine yakafuata. Ndiyo maana mpaka leo kanuni za majimbo kadhaa zinataja upana wa chini wa kigumba, mara nyingi inchi 7/8, karibu milimita 22. Mwaka 1956 Fred Bear akaingiza sokoni Razorhead, kigumba cha mabapa mawili chenye nafasi ya kuchomeka kiwembe chembamba katikati.

Lakini kuchagua bado kulibaki na hesabu zake. Kigumba kipana kinakata njia kubwa zaidi, ila kinakula nishati, na jouli zetu ni 40 tu. Kwa upinde mwepesi, mabapa mawili membamba yanapenya vizuri zaidi. Howard Hill, yule wa filamu ya mwaka 1951 iliyoitwa *Tembo* (ndiyo, neno letu), alihimiza kigumba ambacho urefu wake ni mara tatu ya upana. Pia kigumba kikae sawasawa kwenye ufito. Kikipinda kidogo tu, bapa linashika upepo kama usukani na mshale unakwenda kando.

Kwenye kunoa, jiometri inaamua mengi. Kigumba cha mabapa matatu kinanolewa kirahisi: unalaza mabapa mawili kwa pamoja juu ya tupa na kusukuma. Lakini kwa kuwa mabapa yameachana kwa nyuzi 120, ukingo unatoka na pembe ya nyuzi 60, imara lakini nene. Cha mabapa mawili unaweza kukishusha hadi nyuzi 40 au 50, mradi mkono ushike pembe ileile mwanzo hadi mwisho. Unaanza na tupa, unafuata kinoo, unaondoa ule ukingo mwembamba uliojikunja, unamalizia kwenye ngozi. Jaribio lake ni mpira wa kufungia noti: uvute, uguse kwa makali. Ukikatika bila kusukumwa, kigumba kiko tayari. Ukiteleza, rudi kwenye kinoo, maana mshipa nao utateleza hivyo hivyo.

Mwaka 1961 wawindaji wa Marekani walianzisha chama kikubwa cha upinde, wakakiita Pope and Young. Jina la Ishi halimo. Ubongo wake, uliotolewa baada ya kifo na kupelekwa taasisi ya Smithsonian, ulirudishwa California mwaka 2000 na kukabidhiwa kwa watu wa jamii zenye undugu na Wayahi.

Kwa hiyo, kama kwenu yupo mzee aliyewahi kufua vigumba au kuchonga mishale, mtembelee. Muulize kila aina iliitwaje, iliwekwa kwa mnyama gani, na kwa nini. Kisha andika pamoja na jina lake.