Swali la depite: kutoka barua ya 1980 mpaka gare ya Likasi



Kwenye mkutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akauliza: "Hawa badepite banaendaka Kinshasa kufanya nini? Banatusemeaka kweli?" Watu walicheka, kisha tukapita kwa hesabu ya michango. Mimi nilienda na lile swali nyumbani. Basi mwezi huu siandiki juu ya mabati wala mbegu. Naandika juu ya madepite wachache waliouliza maswali wakati kuuliza kulikuwa hatari, na namna historia yao iligusa watu wetu.

Turudi mwaka 1977. Inchi inaitwa Zaïre, Katanga inaitwa Shaba, na chama ni kimoja tu, MPR. Vita imepita Shaba, bei ya shaba ya kuchimba imeanguka, madeni yamejaa. Mobutu anabanwa na wazungu wanaomukopesha, anakubali watu wachague Baraza la kutunga sheria kwa njia ya wazi kidogo: kandideti wengi kwa kiti kimoja, ingawa wote ni wa MPR. Njo pale waliingia watu waliochukua kazi ile kwa kweli.

Walikuwa na silaha moja: haki ya kumwita mkubwa wa serkali aje ajieleze mbele yao. Kwa Kifaransa wanaiita interpellation. Kamisa wa serkali, ndiye ministri wa siku zile, anasimama, depite anamuuliza: pesa fulani ilienda wapi? Dawa za hospitali ziko wapi? Kwa inchi ambapo mkubwa alizoea kupigiwa makofi na kuchezewa ngoma, jambo hilo lilikuwa jipya. Mwaka 1978 na 1979 wakubwa walianza kuogopa kuitwa.

Kisha ikaja Katekelayi. Mwezi wa 7 mwaka 1979, askari walishambulia vijana waliokuwa wanachimba diama huko Katekelayi na Luamuela, Kasai ya Mashariki. Wengi walikufa. Serkali ilikubali vifo vichache tu. Wengine walihesabu zaidi ya 200. Madepite wa Kasai, kati yao Tshisekedi wa Mulumba na Ngalula Mpandanjila, hawakunyamaza. Walitaka uchunguzi: nani alitoa amri? Maiti ziko wapi? Hesabu ya kweli ni ngapi?

Tuangalie vizuri swali la namna hii. Halirudishi mtoto wa mtu. Halijengi nyumba. Lakini linafanya kitu kimoja ambacho bunduki haiwezi kufuta: linalazimisha mauaji yawe na jina, mahali na tarehe. Kama hakuna aliyeuliza, leo Katekelayi ingekuwa jina la mto na kichaka tu.

Mobutu alielewa hatari hiyo kuliko wengi. Mwanzo wa mwaka 1980 aliwakaripia madepite na kubana ile haki yao ya kuwaita wakubwa. Mlango wa swali ukafungwa. Sasa mtu aliyefungiwa mlango anafanya nini? Wengine walirudi kupiga makofi. Wengine 13 walikaa wakaandika. Tarehe 1 mwezi wa 11 mwaka 1980 walimuandikia Mobutu barua ya wazi ya zaidi ya kurasa 50. Humo walieleza namna mtu mmoja alivyoshika inchi yote mukononi, wakadai demokrasia.

Hapa njo pa kusimama kidogo, sababu panatuhusu. Wale 13 hawakuwa wa kabila moja. Walikuwemo Wakasai kama Ngalula, Tshisekedi na Makanda. Walikuwemo watu wa Shaba, kama Kyungu wa Kumwanza. Walikuwemo wa mikoa mingine pia. Jambo lililoanza kama kilio cha Kasai juu ya vijana wa diama lilikuwa limegeuka kuwa swali la inchi nzima.

Walilipa. Walinyang'anywa viti vyao, wakakamatwa, wakatawanywa kwenye vijiji vya mbali chini ya ulinzi. Tarehe 15 mwezi wa 2 mwaka 1982 wao na wenzao walianzisha UDPS, chama cha pili katika inchi ya chama kimoja. Mwaka ule ule wengi wao walihukumiwa miaka 15. Walitoka kwa msamaha wa 1983, kisha wakakamatwa tena, wakafukuzwa tena kwenda vijijini. Sisi tunaojua maana ya kupelekwa mahali usipochagua, tunaelewa bila kufasiriwa.

Sasa nakuja kwa sehemu inayouma, na siwezi kuiruka.

Tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Njia za wale walioanzisha UDPS zikaachana. Kibassa Maliba, mtu wa Shaba, alibaki UDPS pamoja na Wakasai. Kyungu wa Kumwanza alienda UFERI pamoja na Nguza Karl-i-Bond, na mwisho wa 1991 akawa gavana wa Shaba. Tarehe 15 mwezi wa 8 mwaka 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa ulimchagua Tshisekedi kuwa waziri mkuu kwenye nafasi ya Nguza. Siku zilizofuata, moto ukawaka huku kwetu. Wakasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu, na gavana mwenyewe hakuwa nyuma katika maneno hayo. Likasi ikamwaga watu wake mwaka 1992, Kolwezi ikafuata 1993. Familia zilipanga sufuria na magodoro kwenye gare, zikingoja treni ya Kasai kwa majuma na miezi. Mamia ya maelfu waliondoka. Wengine, wazee na watoto hasa, hawakufika.

Mtu mmoja, basi, aliweka sahihi yake mwaka 1980 karibu na sahihi za Wakasai, na miaka 12 baadaye Wakasai walifukuzwa katika mkoa aliouongoza. Siandiki hivi ili tuanze upya ugomvi. Tumerudi kuishi na majirani zetu, na tunaishi. Naandika ili tuone tofauti ya maneno mawili. Mwaka 1980 neno lilikuwa "sisi raia". Mwaka 1992 neno lilikuwa "sisi wenyeji". Mtu anayesema yote mawili anaweza kuwa ni yule yule, na sauti yake ni ile ile. Kwa hiyo tusimpime depite kwa sauti yake. Tumpime kwa kuuliza: katika "sisi" yake, ni nani amebaki inje?

Katiba ya 2006 ilijibu jambo hili. Kifungu cha 101 kinasema depite wa taifa anawakilisha taifa, si kabila wala kijiji kilichomchagua. Kifungu cha 30 kinakataza kumlazimisha Mkongomani kuishi inje ya makao yake ya kawaida. Kifungu cha 138 kinawapa madepite njia za kuiuliza serkali: swali la kuandika, swali la mdomo, interpellation, tume ya uchunguzi. Silaha iliyobanwa mwanzo wa 1980 imo sasa katika sheria kubwa ya inchi. Na kifungu cha 27 kinatupa sisi wenyewe haki ya kuandikia wakubwa, mmoja mmoja ao kwa pamoja, na wanapaswa kujibu kwa miezi 3.

Basi jibu langu kwa yule mama ni hili: depite anaulizaka kama kuna mtu aliyempa swali lenye mifupa. "Tusaidie, mheshimiwa" si swali. Swali ni hili: familia ngapi za waliorudi Likasi hazina karatasi ya parseli waliyokuwa nayo mbele ya 1992, na serkali imefanya nini? Watoto wangapi waliozaliwa njiani hawana cheti cha kuzaliwa mpaka leo, nao sasa wana watoto wao?

Toka 2015 Likasi iko Haut-Katanga, na Kolwezi iko Lualaba. Kwa hiyo barua yetu iende kwa madepite wa majimbo yote mawili, na nakala kwa wale wa Kasai. Tusimtafute depite "wetu" peke yake. Mbele ya mkutano ujao, kila familia ilete kwa katibu karatasi moja: jina, avenue mlipokaa, mwaka mlioondoka, mwaka mliorudi, kitu kinachokosekana. Wasiojua kuandika, vijana wetu watawaandikia. Na siku ya kupeleka barua, tusitoke kwenye biro bila muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu.

Wale 13 walifungwa, lakini barua yao haikufungwa. Yetu nayo tuiandike hivyo.