Udongo wa Ngara Ndani ya Mtihani wa Taifa

Hebu chukua makopo mawili matupu, uyatoboe matundu chini. Moja lijaze udongo wa chini ya migomba, jingine udongo wa njia inayokanyagwa na ng'ombe kila siku. Mimina maji kiasi kilekile, halafu angalia lipi linapitisha haraka. Hiyo ni sayansi kamili, na mtoto wa darasa la tano kule Ngara anaiweza bila maabara. Sasa ugumu uko hapa: akishamaliza, mwalimu ampe alama ngapi, na kwa kigezo gani?

Swali hili limewasumbua watu tangu miaka ya 1960. Wakati huo kulikuwa na mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioendeshwa na taasisi ya Marekani pamoja na wataalamu wa nchi kadhaa, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Watoto walishika mbegu, mchanga na wadudu badala ya kukariri habari zake ubaoni. Wafadhili nao wakauliza: je, wanajifunza kweli?

Eleanor Duckworth, aliyekuwa amefanya kazi na Jean Piaget kule Geneva, alipewa kazi ya kupima mradi huo nchini Kenya. Hakutunga maswali ya kuandika. Aliwaingiza watoto 12 hivi kwenye chumba chenye vitu vya kila aina, vingine wanavijua, vingine hawajawahi kuviona, akawaacha wafanye watakavyo. Waangalizi wakaandika: watoto wamepata mawazo mangapi tofauti? Wameyafikisha wapi? Kwa jumla, waliopitia mradi waliwazidi wenzao. Yaani kumbe inawezekana kupima uchunguzi wenyewe, siyo kumbukumbu tu.

Huku Tanzania wazo lilishatajwa na mkuu wa nchi. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alilalamika kwamba mitihani inapima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yanapotakiwa, lakini haipimi uwezo wa kufikiri. Azimio la Musoma la 1974 likasisitiza kwamba kazi na maendeleo ya kila siku ya mwanafunzi yahesabiwe pamoja na mtihani wa kuandika.

Mbona basi mtihani wa darasa la saba ukaendelea kutawala? Azimio hilohilo lilitaka watoto wote wawe shuleni ifikapo Novemba 1977. Madarasa yakafurika, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu wakiwa kazini. Nafasi za sekondari nazo zilikuwa chache mno. Mzazi alitaka uhakika kwamba mtoto wa mkubwa hatapendelewa. Swali la kuchagua jibu lina herufi moja sahihi, popote ulipo nchini, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mwaka 2012 usahihishaji wa darasa la saba ulihamia kwenye karatasi zinazosomwa na mashine.

Lakini haki hiyo ina bei, na bei yake inaonekana vizuri Ngara na Biharamulo. Vilima vya Ngara ni vya miamba ya mashapo iliyobadilishwa na joto na mgandamizo, yenye umri unaozidi miaka bilioni moja. Ukienda mashariki ya Biharamulo unaingia kwenye miamba ya kale zaidi, ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, ile yenye dhahabu. Watoto wa wilaya hizi mbili jirani wakiokota mawe njiani, wataleta darasani vitu tofauti kabisa. Mtihani wa taifa hauwezi kuuliza habari za mawe yao. Unauliza lile ambalo mtoto wa Kigoma na wa Tanga wanalijua kwa usawa.

Chukua mfano wa mmomonyoko. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ilihitaji kuni na nguzo, na miti ya maeneo ya jirani ikakatwa kwa wingi. Mtoto aliyekulia pale angeweza kulinganisha mteremko wenye miti na ule uliobaki mtupu, akapima kina cha mifereji baada ya kila mvua. Kwenye mtihani, ujuzi wote huo unaishia kwenye kuweka kivuli herufi B.

Mtihani tusiufute, bila huo upendeleo utarudi. Ila mwalimu anaweza kubaki na daftari la kila mtoto na kuuliza mambo matatu: Swali lilikuwa la kwake mwenyewe? Alilinganisha kwa haki, maji kiasi kilekile, udongo kiasi kilekile? Matokeo yalipokuja tofauti na alivyotegemea, aliandika alichokiona au alichodhani mwalimu anakitaka? La tatu ndilo lipewe alama nyingi zaidi. Mashine haiwezi kulisoma, ila mwalimu wa Biharamulo anayewajua watoto wake analiona kwenye ukurasa mmoja.