Kuchanga na kuchangisha

Msimu wa matembezi ya hisani ukifika, makundi ya WhatsApp hujaa orodha: jina, kiasi, kisha alama ya vema kwa aliyekwisha kutuma. Hapo vitenzi huchanganywa. Watu huchanga, aliyeanzisha orodha huchangisha. Kiambishi -ish- kina uzito: humfanya mtu kuwa mshika fedha za wengine, anayedaiwa hesabu. Aliyeandika kiasi bila kutuma ametoa ahadi, bado si mchango. Basi, ndugu mwandishi wa matangazo, usiandike “tunachanga” ikiwa unaomba. Andika “tunachangisha”, kisha taja nani anapokea na lini hesabu itasomwa.